Wino wa printa, rufaa ya saa sita usiku, na haki ya kujaza katriji yako

(Maneno haya niliyasema kwenye semina ya makatibu wa vijana wa kata. Wengi mliomba yaandikwe ili muwatumie wenzenu waliokosa nauli. Nimeyaacha karibu kama yalivyosemwa. Nimeondoa salamu ndefu za mwanzo na yale mabishano ya bei ambayo hayakuisha mpaka chakula kikapoa.)



Nimepewa dakika ishirini niongee kuhusu wino wa printa. Naona watu wanatabasamu, na nawaelewa. Kabla yangu mmesikia mada ya Katiba, baada yangu inakuja mada ya mawakala na ulinzi wa kura, halafu katikati kaja binti wa sheria anaongelea katriji. Naomba mnivumilie kidogo tu, mtaona inakoelekea.

Mnakumbuka Novemba 2019. Uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa upinzani wakaenguliwa kwa maelfu, wengi kwa madai ya kukosea kujaza fomu, mpaka vyama vikuu vikatangaza kujitoa. Novemba 2024 tukayaona tena majina yanakatwa. Sasa jina likikatwa, mtu wetu anafanya nini? Anapiga simu kwa katibu. Katibu anaandika kwenye group. Group linawaka moto, watu wanatuma sauti za dakika nne nne. Lakini pingamizi halipelekwi kwa sauti ya WhatsApp. Pingamizi linaandikwa, linasainiwa, linaambatanishwa na nakala za fomu, linapelekwa kwa mkono, na wewe unabaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila ile nakala yenye muhuri, kesho ukisema ulikata rufaa wanakuuliza iko wapi. Na kanuni zinahesabu siku, hazihesabu wiki.

Tupige hesabu pamoja. Barua ya rufaa kurasa mbili. Nakala ya fomu ya uteuzi, nakala ya barua ya kuenguliwa, kitambulisho, barua ya udhamini ya chama. Ukiweka pamoja unafika kurasa kumi bila kujikuna. Nakala tatu: moja ya msimamizi, moja ya mgombea, moja ya chama. Hizo ni kurasa thelathini kwa mgombea mmoja. Tuseme kata yako wameenguliwa wagombea ishirini, wajumbe na wenyeviti. Ni kurasa 600. Usiku mmoja, kwenye tawi lisilo na ruzuku ya senti tano.

Mtasema, tutaenda steshenari. Steshenari inafungwa saa mbili usiku. Halafu si kila mwenye steshenari anataka kuonekana anatoa nyaraka za upinzani. Wengine ni ndugu zetu kabisa, wanatupenda, lakini leseni ya biashara wanaiomba kwa watu hao hao tunaowakatia rufaa. Siwalaumu. Na pia, fomu zenye majina na namba za simu za watu wetu mnaziacha kwenye kompyuta ya dukani, kwenye flashi ambayo keshokutwa iko kwa mtu mwingine. Mimi hapo ndipo naona kata inahitaji printa yake. Na printa si shida kubwa, kwa sababu printa mtu anaweza hata kukuchangia. Shida ni wino. Kata tatu ninazozijua mimi zina printa nzuri tu, zimefunikwa kitambaa, juu yake kuna chupa ya maua.

Kwa nini wino uwe ghali kuliko mashine? Kwa sababu ndivyo biashara ilivyopangwa. Printa ndogo ya wino inauzwa bei ya chini kama chambo, faida inachumwa kwenye katriji kwa miaka yote utakayoitumia. Mfano mnaoujua: zile HP DeskJet ndogo nyeupe zinazotumia katriji namba 123, ziko kila mahali. Katriji nyeusi ya kawaida ya 123 kampuni yenyewe inasema inatoa kurasa kama 120. Mia moja na ishirini! Zile kurasa 600 za rufaa zinataka katriji tano. Na hiyo idadi inapimwa kwa ukurasa ambao umefunikwa na wino asilimia tano hivi, yaani barua ya kawaida. Ukiweka nembo ya chama kubwa kama sahani juu ya kila ukurasa, usitegemee kufika huko.

Kwa hiyo kabla ya kununua printa au kukubali ya msaada, fanya gawio moja tu. Bei ya katriji gawanya kwa idadi ya kurasa. Tuseme katriji umeuziwa shilingi 36,000. Nasema tuseme, maana bei ya Kariakoo si ya Mpanda. Gawanya kwa 120, kila ukurasa ni shilingi 300, karatasi hujaweka. Hapo hata steshenari ni nafuu kuliko wewe mwenye printa. Sasa chukua zile Epson za matangi, L3110 na ndugu zake, ambazo wino unamimina kutoka kwenye chupa. Chupa nyeusi ya mililita 65 inahesabiwa kurasa 4,500. Tuseme chupa umeipata kwa 27,000, ukurasa mmoja ni shilingi 6. Kutoka 300 hadi 6. (Chupa ya kwanza kabisa itatoa pungufu, kwa sababu sehemu ya wino inajaza mirija ya ndani. Usije kunilaumu.)

Kuna kitu kizuri kwenye historia ya hizi mashine za matangi. Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010. Huko mafundi wa mitaani walikuwa wamezoea kutoboa printa za kawaida, wanachomeka mirija, wanaweka matangi ya wino pembeni. Yaani kile ambacho hapa tunakiita uchakachuaji, kampuni ikakitengenezea mashine yake yenyewe na dhamana juu. Fundi wa kwetu anayejaza katriji kwa bomba la sindano asidharauliwe.

Tuje kwenye sheria, ndipo nilipoitiwa. Swali ninaloulizwa sana na makatibu ni hili: kujaza katriji au kununua ile isiyo ya kampuni, si ni feki? Si tutakamatwa? Chama kitasemwa kinatumia bidhaa bandia.

Hapana. Hapa watu wanachanganya vitu vitatu.

Kuna katriji iliyojazwa tena. Ilikuwa ya kampuni, imeisha, fundi kaijaza. Kuna katriji inayoendana, imetengenezwa na kiwanda kingine kabisa, ina jina lake kwenye boksi, imeandikwa tu kwamba inafaa kwa printa fulani. Halafu kuna feki: katriji ya mtu mwingine iliyowekwa kwenye boksi lenye nembo ya HP au Canon ili udhani ni yao. Hizo mbili za kwanza ni halali. Ya tatu ndiyo inayoshughulikiwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na ndiyo zile bidhaa mnazoziona Tume ya Ushindani wanazikamata na kuziteketeza. Kosa liko kwenye kudanganya kwa alama. Halipo kwenye kumimina wino.

Ukitaka kuona jinsi kampuni kubwa ilivyojaribu kulifanya hili la kujaza liwe kosa, soma kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark, Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, tarehe 30 Mei 2017. Naipenda kesi hii, nitaisimulia haraka.

Lexmark wanatengeneza printa na tona. Wakawa wanauza katriji kwa bei mbili. Ukinunua kwa bei kamili, fanya unachotaka. Ukikubali punguzo la kama asilimia 20, unaahidi kuitumia mara moja tu na usimpe mtu mwingine yeyote isipokuwa wao. Watu wakachukua punguzo, katriji zikaisha, wajazaji wakazikusanya tupu, nyingine wakazinunua nje ya Marekani, wakazijaza na kuziuza. Lexmark akawashtaki kwa kuingilia hataza yake. Wengi wakayamaliza nje ya mahakama. Kampuni moja ndogo ya mji wa Charleston, West Virginia, ikakomaa mpaka juu.

Mahakama ikasema, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Roberts, kwamba mwenye hataza akishauza kitu chake, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha. Haijalishi aliweka masharti gani kwenye boksi, wala haijalishi aliuzia nchi gani. Kama kuna ahadi ilivunjwa, hayo ni mambo ya mkataba kati yake na yule aliyemuuzia, hawezi kumfuata fundi kwa sheria ya hataza. Jaji Ginsburg peke yake ndiye aliyepingana na wenzake, tena kwenye kipande cha mauzo ya nje tu. Na mfano waliotumia ni wa gereji inayokarabati magari na kuyauza. Fikirini kama kila aliyetengeneza kipuri angekuwa na haki ya kumfuata fundi. Kule Gerezani pale Dar nani angebaki na spana mkononi?

Sasa, mimi bado sijala kiapo cha uwakili, na mwalimu wangu angenifinya nisipolisema hili: hukumu ya Marekani haiifungi mahakama yetu. Ni hoja ya kushawishi tu. Lakini wazo lenyewe si geni huku kwetu. Majirani zetu Kenya wameliandika ndani ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, kifungu cha 58(2), kwamba haki za hataza hazigusi bidhaa ambayo mwenyewe ameshaiingiza sokoni Kenya au nchi nyingine yoyote. Kwetu, ukinunua kitu dukani, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inakufanya wewe kuwa mwenye mali. Mwenye mali akimimina kitu ndani ya mali yake, mnataka ashtakiwe kwa lipi?

Sheria hiyo hiyo ya mauzo inakulinda kwa upande mwingine pia. Kitu kinatakiwa kilingane na maelezo kilichouzwa nayo. Akikwambia "orijino" halafu ikawa imejazwa, umeuziwa kitu kisicho na maelezo yake, una haki ya kurudisha. Ndiyo maana nasema kila siku: usikubali risiti iliyoandikwa "vifaa vya ofisi". Aandike "tona 12A, imejazwa" au "tona 12A, orijino". Neno moja hilo ndilo ushahidi wako. Kuna duka moja, silitaji, walituuzia boksi lenye nembo inayong'aa kuliko ya kampuni yenyewe, ndani tona inamwagika kama unga wa sembe. Tulipowarudishia wakakataa kata kata, mpaka walipoona risiti imeandika "orijino". Tulirudishiwa hela siku ile ile.

Na makampuni hayakulala baada ya kushindwa mahakamani. Walichofanya ni kuhamisha mapambano kutoka kwenye sheria kwenda kwenye chipu. Katriji nyingi za sasa zina kachipu kadogo kanakoongea na printa. Printa isipokatambua inagoma. Septemba 2016 watu duniani waliamka wakakuta printa zao za HP OfficeJet zinakataa katriji zisizo za HP ambazo jana yake zilikuwa zinafanya kazi. Ilikuwa ni programu ya ndani ya printa, imewekwa kimya kimya, imewaka siku moja. Watu walilalamika, kampuni ikatoa njia ya kuiondoa, lakini mchezo ukaendelea kwenye modeli nyingine. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia ikawapiga HP faini ya euro milioni 10, kwa sababu wateja hawakuelezwa vizuri wakati wa kununua kwamba printa ina vizuizi hivyo.

Cha kuchekesha zaidi ni Canon. Mwanzoni mwa 2022 chipu ziliadimika duniani, Canon wenyewe wakakosa za kuweka kwenye tona za baadhi ya mashine zao za ofisi. Unajua walifanya nini? Wakauza tona bila chipu, na wakawaelekeza wateja wao Ulaya namna ya kulipuuza lile onyo linalotokea na kuendelea kuprinti. Miaka yote tunaambiwa chipu ni kwa ajili ya ubora. Siku ilipokosekana, tona ikaendelea kuwa tona. Ukikutana na mtu anakutisha kwamba bila chipu mashine itaungua, msimulie hiyo.

Basi, tunafanyaje kwenye kata.

Kama hamna printa kabisa na mnatafuta, ushauri wangu ni mmoja, na najua wengine hapa watabisha: tafuteni leza nyeusi ya zamani. HP LaserJet 1020 kwa mfano, au 1010. Mbaya kwa sura, imechoka rangi, lakini inatumia tona 12A, kurasa kama 2,000 kwa katriji moja, na katriji ile haina chipu kabisa. Fundi yeyote wa mjini anaijua kama anavyojua mfuko wake. Ukijaziwa kwa, tuseme, shilingi 20,000, ukurasa ni shilingi 10. Zile kurasa 600 za rufaa hazimalizi hata theluthi ya katriji moja. P1102 nayo si mbaya, inatumia 85A, kurasa kama 1,600.

Najua mtasema kwa hesabu yangu mwenyewe Epson ni shilingi 6 na inatoa rangi. Kweli. Kwa vipeperushi na kadi za mwaliko, chukueni Epson. Lakini fikirini karatasi zetu zinasafirije. Zinapanda bodaboda, mwezi wa Novemba, mvua inanyesha. Wino wa maji wa mashine nyingi za bei nafuu ukilowa unatiririka, barua inakuwa ramani. Tona siyo wino, ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto na kushikana na karatasi. Karatasi ikilowa, ikikauka, maandishi yako pale pale. Hati ya kiapo, barua ya rufaa, orodha ya mawakala, mimi nazitaka kwenye tona. Halafu mashine ya wino ikikaa miezi mitatu bila kutumika, vitundu vinakauka na kuziba. Tawi letu msimu ukiisha linalala, msibishe. Leza inaweza kulala mwaka mzima na ukiiamsha inaamka.

Kwenye kujaza tona kuna kitu mafundi wavivu wanakiruka. Ndani ya katriji kuna chumba cha unga mpya na kuna chumba cha unga uliobaki, ule uliofutwa kwenye dramu. Fundi akijaza kile cha kwanza bila kumwaga hiki cha pili, utapata karatasi zenye michirizi na madoa, na ndani ya printa kutachafuka. Mwambie afungue mbele yako. Ukiona mstari ule ule unajirudia kwenye kila ukurasa, mara nyingi ni dramu imechubuka au ule ubapa wa kufutia umechoka, navyo vinauzwa peke yake, huna haja ya katriji mpya. Msipulize ule unga kwa mdomo, ni mwembamba, unaingia kifuani. Ukimwagikia kwenye nguo, kung'uta kwanza, halafu fua kwa maji baridi. Maji ya moto yanauyeyusha, shati limekwenda.

Wenye zile DeskJet za 123 na jamii yake msizitupe. Hizo katriji zina kichwa cha kuprintia kwenye katriji yenyewe, kwa hiyo zinajazika kwa bomba la sindano, taratibu, usiku zikalala kwenye tishu. Ila usisubiri ikauke kabisa. Ukiona maandishi yanaanza kufifia, jaza, kwa sababu kichwa kikifanya kazi kikavu kinaungua na hapo hakuna fundi. Printa itaendelea kukwambia wino umeisha hata baada ya kujaza. Inahesabu, haichungulii ndani. Bonyeza kukubali, endelea. Mara tatu au nne katriji itakufaa, baada ya hapo vitundu vimechoka, nunua nyingine uanze upya.

Kwa wenye printa mpya za HP zenye chipu: HP wenyewe wanakubali kwamba katriji iliyojazwa ikiwa na chipu yao halisi itafanya kazi hata kwenye mashine zenye kile kizuizi. Kwa hiyo katriji tupu ya orijino ni mali. Msitupe, msimpe mtu bure. Pia kabla ya kuiunganisha printa na intaneti, ingia kwenye mipangilio, zima masasisho ya kujiendesha. Na kuna mpangilio mwingine unaoitwa ulinzi wa katriji, ukiwashwa unaifunga katriji kwenye printa hiyo moja milele, hata ukiipeleka kata ya jirani inakataliwa. Zima. Na ukiletewa ya msaada kutoka Ulaya na mwisho wa jina la modeli kuna herufi ndogo "e", uliza kwanza. Nyingi za hizo zikiwashwa kwenye mpango wao wa HP+ zinadai wino wa HP na intaneti maisha yake yote. Kuna nyingine zinataka katriji za eneo zilikotoka. Zawadi ya namna hiyo, mshukuru aliyeleta, halafu muiuze.

Kuhusu kupunguza matumizi sisemi mengi. Rasimu zisomwe kwenye simu, ziprintiwe zikishakubaliwa. Hali ya rasimu kwenye mipangilio inatosha kwa mihtasari ya vikao. Mwaka 2014 kuna mwanafunzi wa miaka 14 kule Marekani alivuma kwa kusema serikali ingeokoa mamilioni kwa kubadili tu aina ya herufi kwenda Garamond. Wataalamu wakajibu kwamba Garamond inakula wino kidogo kwa sababu herufi zake ni ndogo zaidi kwa saizi ile ile. Sawa na kupunguza herufi za kawaida. Msije mkaandika rufaa kwa herufi ambazo msimamizi anatafuta sababu ya kusema hazisomeki.

Halafu risiti. Narudia risiti kwa sababu nyingine kabisa. Hesabu za vyama vya siasa zinakaguliwa na CAG, na wakati wa kampeni kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Wino uliotumika kwenye vipeperushi vya mgombea ni gharama ya uchaguzi, hata kama ni chupa moja, hata kama umechangiwa. Wenzetu wa chama tawala wakisahau risiti inaitwa dosari. Sisi tukisahau mnajua itaitwa nini. Kila kata iwe na daftari moja: tarehe, tona gani, imejazwa au mpya, shilingi ngapi, nani alilipa, namba ya risiti ya EFD. Fundi wa mtaani asiye na mashine ya EFD aandike kwa mkono na asaini, msimwache hivi hivi.

Muda wangu umeisha, naona Mwenyekiti anaangalia saa. Kabla hamjaenda kula, kuna karatasi inapita. Kila katibu aandike jina la kata, modeli ya printa yake kama ilivyo nyuma ya mashine, si "HP" tu, na namba ya katriji. Kata zenye modeli moja nitaziweka pamoja zinunue unga kwa pamoja, fundi azijazie siku moja. Kata isiyo na printa iandike jina la kata jirani iliyo nayo, na namba ya simu ya mtu mwenye ufunguo wa ofisi ambaye akipigiwa saa sita usiku anapokea.